Barabara Aliyoijua Baba

Asubuhi ile Baba alikuwa akichora kibao cha kinyozi nje ya chumba chetu Kibera. Mimi nilichuchumaa kando yake nikitazama kama herufi N imesimama wima. Haikuwa imesimama. Nilichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa nikaifuta.

"Wewe utanimalizia rangi," alisema. "Kinyozi mwenyewe hajui kusoma, Nafula."

"Wateja wake wanajua."

Alicheka, akaichora upya.

Kazi hiyo aliianzia Mombasa akiwa kijana, kwenye barabara kuu, ile yenye pembe kubwa za ndovu zilizopindana juu ya magari. Sikuwahi kufika huko, lakini niliijua, kwa kuwa alinisimulia huku akichora. Hapa, alisema, palikuwa na fundi Mgoa wa suti. Alipoondoka akaja Mhindi wa vitambaa, kisha wakala wa meli. Mbao zilikuwa ghali, kwa hiyo jina jipya lilichorwa juu ya lile la zamani. Ukikwangua, alisema, utawakuta wote wamelala humo, mmoja juu ya mwenzake. Kazi ilipopungua alihamia Nairobi. Kiswahili chake hakikuhama.

Mama hakuwepo siku hiyo. Alikuwa Gatina, kule Kawangware, kwa dada yake aliyekuwa amejifungua.

Kabla ya adhuhuri tulisikia mabati yakipigwa mawe upande wa chini. Ugomvi wa wenye nyumba, Waislamu wenye Kiswahili kama cha Baba, na wapangaji ulikuwa umenung'unika kwa majuma. Siku hiyo ulishika mapanga. Mzee Juma, mwenye nyumba wetu, alikuja mlangoni akihema.

"Ndugu yangu, mchukue mtoto muende. Vijana wangu siwawezi tena, na wako huwawezi."

Baba alisafisha brashi zote kabla ya kufunga mlango. Kelele zilikuwa zikikaribia, lakini sikumharakisha. Hata mimi nisingeweza kuziacha na rangi.

Tulipita vichochoroni tukielekea Ngong Road. Karibu na barabara tulikuta mawe, tairi linalowaka na vijana wenye marungu. Walikuwa wapangaji, watu wa magharibi kama sisi. Baba akashusha pumzi.

"Mwaamkaje, wanangu?"

Walitazamana.

"Mwaamkaje!" mmoja akacheka. "Buda, hiyo ni lugha ya wenye nyumba. Unatoka wapi?"

Baba alitoa kitambulisho.

"Hiyo inanunuliwa. Ongea Kiluhya."

Baba aliondoka kijijini kwetu akiwa mtoto mdogo, akakulia pwani. Alijaribu. Maneno yalitoka machache, ya kitoto, yenye lafudhi ya pwani. Waligeukia kwangu. Mimi nililelewa na nyanya yangu kijijini, nikajibu bila kukwama.

"Huyu wetu. Pita, siste."

"Ni baba yangu," nikasema. Baba akaeleza kwamba lafudhi yake ni ya Mombasa, alikofanya kazi ujanani.

Kijana mwenye kofia alisogea mbele. Alisema aliwahi kupakua magunia bandarini. "Buda, wasema ulifanya kazi Mombasa. Haya. Ukitoka kwenye zile pembe ukielekea mjini, duka la kwanza kushoto ni la nini?"

Uso wa Baba uling'aa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alifurahi. Alidhani amempata mtu wa kuongea naye.

"Ah, pale palikuwa na fundi Mgoa, mwanangu. Suti zake—"

"Hakuna fundi pale."

"Alihama. Akaja Mhindi wa vitambaa. Vibao vyote viwili nilichora mimi, tena cha pili—"

"Pale kuna benki!"

"Benki imekuja juzi tu. Ngoja nikueleze tangu mwanzo."

"Nimekuuliza kuna nini. Sijakuuliza kulikuwa na nini."

Mtu alinishika bega, akanisukuma ng'ambo ya moshi.

"Nenda kwa mama yako," Baba aliita. Sauti yake ilikuwa tulivu, kama ya mtu anayenituma dukani.

Nilikwenda.

Baada ya siku chache aliletwa Gatina kwenye mkokoteni wa maji, amefunikwa kanzu. Aliyeusukuma ni Mzee Juma mwenyewe, kupitia Riruta, katikati ya watu ambao wangeweza kumuua. Hakukubali hata chai. Mama aliifunua kanzu, akauona mkono wa kulia, akairudisha taratibu.

Kuna waliofiwa siku zile, kwa hiyo huwa naona haya kuhesabu hasara yetu. Baba aliishi. Mifupa iliunga vibaya, vidole havikufunga tena. Nilijifunza kuchora vibao peke yangu, kwa kufuta na kurudia, na ndivyo tulivyokula. Alikaa kando yangu kwenye kigoda, mpole kama zamani, akinishikia kopo la rangi kwa mkono wa kushoto. Ila Mombasa hakuitaja tena.

Jioni moja nilishindwa kuvumilia. Nikaanza kuisimulia barabara ile mimi mwenyewe, tangu kwenye pembe, na nikakosea makusudi. Nilimtanguliza Mhindi, nikamweka Mgoa nyuma yake. Mimi, nisiyeweza kuacha hata herufi ipinde, niliacha kosa hilo wazi mbele yake, nikangoja anirekebishe.

Alinitazama kwa upendo mwingi.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Huenda ilikuwa hivyo."