Samaki Waliokuja Kutusalimia

Asubuhi moja samaki walitoka vilindini wakaja kutusalimia. Sitii chumvi. Nilikuwepo, na kandambili zangu zililowa.

Walijaa kwenye maji ya magotini, midomo juu, wanahema. Ukimshika mmoja, hajisumbui kukimbia.

Mume wangu ndiye mwenyekiti wa kamati ya uvuvi. Alikuwa ameifunga ghuba ili samaki wazaane, na tangu siku hiyo hata dada yangu alitununia.

"Mwenyekiti, si ulisema wamekwisha?" fundi nyavu alimwuliza, ndoo mkononi.

Mume wangu alikuwa ametoka kupima maji.

"Kule chini hakuna hewa. Joto limezidi, upepo hakuna, maji yamelala. Hawa wamekimbia, na ndio wazazi pekee waliobaki. Tukiwazoa leo, mwakani tutavua changarawe."

Ufuo mzima ukacheka.

"Samaki akose hewa majini? Kwani kazaliwa wapi?"

Mimi sikucheka. Nyumbani nilikuwa na shemeji, mdogo wake mume wangu, aliyekuja kutusalimia na godoro. Salamu ziliporefuka ndipo tukajua bahari imeingia chumbani kwake.

Fundi nyavu akadai kura palepale: mwenyekiti ang'oke, ghuba ifunguliwe.

"Sawa," mume wangu akasema. "Anayetaka niondoke aweke ndoo chini, anyooshe mkono."

Watu wakatazamana, kila mmoja na ndoo yake ya samaki. Ukiweka ndoo chini pale, jirani anakusaidia kuibeba.

Hakuna aliyeweka.

Basi mume wangu akabaki na cheo, samaki wakaondoka na ndoo. Roho iliniuma, sitaficha.

Nikageuka niende zangu, nikakutana na beseni lililojaa kuliko ndoo zote. Lilikuwa langu la kufulia. Aliyejitwika ni shemeji.

"Hata wewe, shemeji?"

"Si wamekuja wenyewe, shemeji?"

"Na wewe ulikujaje?"

Akalishusha beseni.

"Mimi mlinipokea," akasema, kwa sauti ya chini.

Tukarudi naye majini, tukalimimina beseni taratibu, watu wakitucheka.

Upepo ulirudi, na wale wachache wakarudi vilindini. Ghuba bado imefungwa. Siku hizi hakuna anayevunja sheria, maana ukitupa wavu unapata maji. Fundi nyavu mwenyewe ndiye anayelinda watoto wa samaki wa beseni langu.

Nilichojifunza ni hiki: akikujia mtu bila kuitwa, na ukoo wake mzima, kabla hujafurahia ugeni, muulize amekimbia nini.

Shemeji bado yupo. Beseni nimelificha.