Asubuhi Tuliyompeleka Yeyo Uwanja wa Ndege

Mdogo wangu alijifungua Dar es Salaam kwa upasuaji, mtoto wake wa kwanza, na mumewe ni mtu wa safari. Alipotupigia simu alilia kidogo tu, lakini kabla hajafuta machozi mama, Yeyo kama tunavyomwita kwa Kimaasai, alishaamua. "Nakuja," akamwambia. Mgongo wa mama siku hizi haukubali kukaa kwenye basi kutwa nzima, kwa hiyo tukamkatia tiketi ya ndege ya alfajiri. Hakuwa amewahi kupanda ndege. Yeye na baba hawakuwa wamewahi kuachana pia, ukiondoa zile siku chache za hospitali alipotuzaa sisi.

Wazazi waliteremka kutoka kijijini Oldonyo Sambu mchana wa siku moja kabla ya safari, ng'ombe wakiwa wamemwachia jirani, wakalala kwangu Ngarenaro, mjini Arusha. Nilipoamka niliwakuta wameshavaa, wamekaa kwenye kochi bega kwa bega bila kuwasha taa, kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari. Nikainamisha kichwa kwa salamu yetu, kila mmoja akanigusa utosini.

"Mmeamka saa ngapi, jamani?"

"Nani amelala?" baba alisema. "Mama yako usiku kucha ananiuliza kama ndege inamsubiri mtu aliyechelewa."

"Na wewe ukaniambia inasubiri," mama akamjibu. "Unajuaje? Umewahi kuipanda?"

Kwenye gari langu nilidhani baba angekaa mbele, mahali pake pa siku zote. Akafungua mlango wa nyuma akaingia kwa mama, mimi nikabaki mbele peke yangu kama dereva wa teksi. Tulipotoka mjini na kushika barabara ya Moshi, mama akaanza maagizo. Ndama mweupe asiachwe na wenzake, wanamsukuma. Kuku anayeatamia jikoni asisumbuliwe, hata kama amekaa juu ya kuni. Kanisani awaambie akina mama wa kwaya kwamba sare yake iko kwa fundi. Chumvi ya ng'ombe iko kwenye ndoo ya bluu, siyo ile nyekundu, nyekundu ni ya sabuni.

"Nimesikia," baba alisema.

"Nimesema ndoo gani?"

Baba akasema, "Nitaonja."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Nilipotazama kwenye kioo nikaona baba ameuchukua mkoba wa mama kutoka mapajani pake na kuupakata yeye. Tulipita Maji ya Chai wakati wanawake wanashusha mikungu ya ndizi kwenye lori kwa mwanga wa simu. Mama akawatazama mpaka wakabaki nyuma. "Wale wameamka kabla yangu," alisema, na nadhani hilo lilimtuliza.

Uwanjani kulikuwa na baridi ya nyika, ile ya upepo usio na kizuizi. Msindikizaji mwisho wake ni mlangoni. Nilimwomba dada mmoja mfanyakazi wa pale amwangalie mama, nikamweleza kwamba ni mara yake ya kwanza. Yule dada akamsalimia, "Shikamoo mama," akamshikia begi. Mama akanigeukia, akaweka kiganja chake kichwani pangu, akaniombea kwa Kimaasai, maneno machache. Kisha akamtazama baba.

"Haya," baba alisema.

"Haya," mama akamjibu.

Basi. Akaingia ndani. Nikakasirika kimoyomoyo. Miaka yote ile, na mtu anaondoka angani, halafu "haya"?

Tulikuwa tumekwisha fika kwenye gari baba alipoingiza mkono mfuko wa ndani wa koti kutafuta leso. Akasimama. Akatoa kimfuko cha nailoni kilichofungwa kwa mpira, na mimi nikakitambua hapo hapo. Ndani yake hukaa vitambulisho vyao viwili, chake na cha mama, vimegandana. Popote wanapohitajiwa huenda pamoja, kwa hiyo hakuna aliyewahi kufikiria kuvitenganisha.

"Yeyo hana kitambulisho," nilisema.

Baba aligeuka. Alikimbia. Goti lake la kushoto ni bovu tangu nikiwa shule ya msingi, na sikuwa nimewahi kumwona akikimbia hata kwa ajili ya mvua. Koti lilikuwa linapepea, kofia ikamdondoka, nami nikaiokota nikimfuata. Mlinzi wa mlangoni akanyoosha mkono.

"Mzee, samahani, bila tiketi huruhusiwi kupita."

"Mke wangu yuko mle."

"Nakuelewa mzee wangu, lakini..."

Kupitia mlango wazi tulimwona. Alikuwa amevuka mashine ya mizigo, yuko kwenye foleni, kitenge chake cha kijani katikati ya watalii warefu. Maisha yangu yote baba amemwita mama kwa jina langu mimi, mzaliwa wa kwanza: Mama Fulani. Nikasubiri aite hivyo. Badala yake alivuta pumzi na kuita jina jingine, jina fupi la Kimaasai ambalo sikuwa nimelisikia hata siku moja. Sauti yake ilijaa ukumbi mzima.

Watu wengi waligeuka kwa sababu ya kelele. Mama aligeuka kwa sababu aliitwa. Uso alioutoa pale sikuujua. Ulikuwa wa msichana aliyeitwa kutoka ng'ambo ya korongo. Akaacha foleni, akaacha begi, akaja nusura akimbie na mgongo wake ule.

Yule dada alimfuata mpaka mlangoni, na mlinzi akapiga hatua moja pembeni, akatazama maegesho. Baba akaufungua mpira, akatoa kadi ya mama, akamwekea kiganjani, akakifumba kiganja kwa mikono yake miwili. Hakukiachia.

"Mbele za watu wote hawa," mama alimwambia kwa sauti ya chini.

"Ukifika, upige."

"Nitapiga."

"Hata kama mtoto amelala. Upige."

Mama alitumia mkono ule mwingine kumfunga kifungo cha koti kilichokuwa wazi. Halafu akarudi ndani, na safari hii baba alisimama pale mpaka kitenge cha kijani kikapotea.

Tukiwa njiani kurudi alikaa mbele. Nilivumilia mpaka tulipokaribia Usa River.

"Baba, lile jina."

"Ndivyo walivyomwita kwao. Nilipopeleka ng'ombe kunywa maji upande wao, mama yake alikuwa anamwita hivyo kutoka juu, naye anajifanya hasikii ili aendelee kukaa mtoni." Akatabasamu akitazama kioo cha dirisha. "Nami nikimwita hasikii vilevile. Alinisumbua sana."

"Kwa nini leo?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha kitoto. "Mle ndani kuna akina mama wangapi? Ningeita Mama, wangegeuka wote."

Tulisimama kwenye kibanda kimoja barabarani tukanywa chai na chapati, tukakaa pale mpaka jua likapanda, maana baba alikataa kuondoka kabla mama hajapiga. Simu yangu ikalia. Alikuwa mama, amefika, analalamikia joto, anasema mawingu kwa juu yanafanana na sufu ambayo haijafuliwa, na nyuma yake nikasikia mtu anaita teksi.

"Baba yako yuko hapo?" akauliza. "Mpe."

Nikampa. Baba aliinuka na simu, akavuka mfereji, akaenda kusimama mbali chini ya miti, amenipa mgongo. Sikusikia walichozungumza. Niliagiza chai nyingine, kisha nyingine tena, na bado alikuwa anaongea.