Maharage ya Sufuria

Msimu mmoja wa mvua, mama yangu alimlisha bibi maharage ya sufuria na kumwambia ni ya chungu. Bibi, mama mzazi wa baba, alikuwa haoni. Kila jioni, harufu ya udongo uliopashwa moto ilipojaa jikoni, mimi na mama tuliinamisha macho, ingawa tuliyekuwa tukimwonea aibu hakuweza kutuona. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Siri ya chungu chetu tuliijua wawili, au ndivyo tulivyodhani.

Tulikaa Kisiba, katikati ya migomba, mahali ambapo mvua ikianza watu husahau rangi ya vumbi. Kabla macho yake hayajafunikwa na ukungu, bibi ndiye aliyekuwa akipika. Chungu chake kilifinyangwa na wanawake wa Kikisi wa kule Ziwa Nyasa: chembamba, chekundu, chenye tumbo la mviringo lisiloweza kusimama bila mafiga. Alikipata sokoni kwa desturi ya zamani ya kujaza. Mwenye chungu alikitega, bibi akamimina maharage mpaka yakafika mdomoni. Maharage yakaenda ziwani, chungu kikaja kwetu. Asubuhi alikigonga kwa kidole na kusikiliza, na sauti ikiwa safi ndipo alipowasha moto. Alikifunika kwa jani la mgomba lililolainishwa kwenye miali, akakaa hapo akisogeza kuni kidogo kidogo hadi mchana. Tuliporudi shuleni tulijua tangu njiani kwamba bibi yupo.

Bibi alipopoteza macho, baba alikuwa kibaruani Mbeya na mama alikuwa ameanza kuchuma chai. Mama aliondoka kabla ukungu haujainuka na kurudi jioni, sketi imelowa hadi magotini. Kuni zilikuwa mbichi, na chungu kinataka mtu wa kukaa nacho. Akanunua sufuria na jiko la mkaa. Siku ya kwanza bibi alionja, akaweka sahani chini, akasema ameshiba. Siku ya pili vilevile. Baada ya muda kanga yake ikawa inamzunguka kiunoni karibu mara mbili, na kwetu mkamwana akikondesha mama mkwe, habari hufika kisimani kabla ya ndoo. Jirani mmoja alipita uani, akamtazama bibi, akamuuliza mama, "Hapa kwenu Kwaresima imeanza mapema mwaka huu?" Mama alicheka naye. Jirani alipoondoka, mama aliingia jikoni akakitazama chungu.

Jioni hiyo ndipo alipobuni njia yake. Aliweka chungu kitupu juu ya makaa mpaka kikatoa harufu, akamiminia maharage yaliyoiva kwenye sufuria, akanipa mwiko nipakue mbele ya bibi nikiukwaruza ukutani mwa chungu ili asikie. Bibi alikula. Alikula akamaliza, akasema, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana. Mama akatoka nje kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Bibi alirudisha mwili, majirani wakanyamaza, na kila siku nilikwaruza ule mwiko kwa ufundi zaidi.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku moja mama alichelewa, akachochea makaa kwa haraka. Alipomimina, chungu kilipasuka kwa mlio mkavu kama wa mfupa, na mchuzi ukachemka kwenye majivu. Mama alisema moto ulikuwa mkali. Bibi alinyoosha mkono akaomba kigae. Kilipopoa nilimpa, akakisugua upande wa ndani kwa kidole gumba, taratibu, kama anayesoma.

"Chungu kinachopikiwa hakipasuki hivi," alisema. "Hiki kimekufa kwa njaa."

Mama alipiga magoti, akaanza kueleza habari za chai, mvua na kuni. Bibi alimwacha amalize. Kisha akasema, "Mwanangu, niletee yaliyobaki kwenye sufuria." Akayala. Aliendelea kula maharage ya sufuria mpaka alipotuacha miaka miwili baadaye.

Leo naishi mjini, Makandana, na mama, ambaye sasa kichwa chake ni cheupe. Napika kwa gesi. Maharage huiva kabla sijamaliza kufua, hakuna macho yanayotoka machozi kwa moshi, wala siwezi kudanganya kwamba natamani kurudi kule. Vyungu vya Wakisi bado vinafika sokoni, na watu wa mjini huvinunua wapandie maua. Mama huvipita bila kugeuza shingo. Pasaka iliyopita, akiwa anachambua maharage kwenye ungo, nilimuuliza jambo ambalo hatukuwahi kulisema: kama alidhani bibi alijua tangu jioni ile ya kwanza.

"Alikuwa anamaliza sahani," alisema. "Kila siku anamaliza. Mpaka leo sijui alikuwa anakula maharage, au alikuwa ananihurumia."