Mimi Naingiza Hesabu, Yeye Anazithibitisha, na Sasa Mmoja Wetu Lazima Atoke

Admin, nakuomba ufiche jina langu na la shirika letu. Bukavu tunajuana, na wenzangu wa biro, yaani ofisini, wanafuata ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, naishi Nguba na mama yangu mjane. Ni mhasibu katika shirika dogo linalosaidia vituo vya afya vijijini. Kila mwisho wa mwezi wenzetu wa biro yetu ya Kamituga wananitumia faili yenye matumizi yao yote: mafuta ya pikipiki, dawa, malipo ya walinzi. Kazi yangu ni kuisafisha na kuiingiza kwenye programu ya hesabu. Watu wanafikiri ni kubonyeza tu. Tarehe moja ikiandikwa vibaya, au namba moja ya akaunti ikikosekana, programu inakataa faili nzima, halafu haikuambii vizuri kosa liko wapi. Umeme ukikatika, unaanza upya. Ikishakubali, maingizo yanasubiri mtu wa pili ayakague na kuyathibitisha, sisi huku tunasema kuvalide. Yakishavalidiwa hayafutiki tena. Ndiyo maana aliyeingiza haruhusiwi kuvalide kazi yake mwenyewe.

Anayevalide kazi yangu ni mchumba wangu. Nitamwita Patient, si jina lake.

Alikuja kwetu kujifunza kazi akitoka chuo, na mimi ndiye niliyemwonyesha programu ile. Alikuwa mpole, anauliza kwa heshima, ananichekesha. Tukapendana. Baadaye akapewa cheo cha mkuu wa uhasibu, na sikuona wivu hata kidogo, nilimnunulia shati la kuanzia kazi. Mwaka huu familia zetu zilikutana kwao Muhumba, wakasikilizana juu ya ng'ombe wa mahari, siku ya ndoa ikapangwa.

Sote wawili tulijua kanuni ya kazi: anayeingiza na anayevalide hawawezi kuwa mtu na mumewe. Nikamwambia twende pamoja tumweleze mama mkurugenzi.

"Acha," akasema, "mi ntaongea naye."

Nikamwachia.

Wiki hii mama mkurugenzi akaniita, akafunga mlango.

"Maman, ikala," akasema akinionyesha kiti. "Nasikitika kukupoteza, lakini nakuelewa. Iko uamuzi wa nyumba yenu."

"Uamuzi gani, maman?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Patient aliniambia mulishaongea, ati weye utaacha kazi mbele ya ndoa. Mi nilimupendekezea nafasi ya Kamituga, aende yeye kuongoza ile biro, mushahara ule ule. Akakatala. Akasema weye njo ulishakubali kutoka."

Ningesema kweli, ningemwaibisha mwanaume wangu mbele ya mkubwa wake. Nikainama. Akadhani ni huzuni ya kuondoka, akanishika bega na kusema nimletee barua yangu ya kuacha kazi Jumatatu.

Jioni tulipokuwa tunapanda mlima kurudi nyumbani, nikamuuliza Patient, "Ju ya nini ulinijibia?"

"Nilijua utasema ndiyo." Hakusimama hata kidogo. "Ile barabara ya Kamituga mi siiwezi. Na weye ukishazala, utafanya aje na kazi? Mwanamuke anapata kazi ingine siku yoyote."

"Hapa Bukavu? Kazi iko wapi?"

Akacheka kidogo, akanishika mkono. "Chérie, usikasirike. Nilifanya ju yetu."

Heri angenigombeza. Ningejua anaona kuna jambo la kugombania. Lakini alinisindikiza mpaka mlangoni, akamsalimia mama, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake akiwa na amani kabisa.

Mama nilimweleza alipokuwa anachambua maharagwe.

"Mwanangu, kazi inaisha, bwana anabaki," akasema. "Miaka yako inaenda. Na bantu walishanunua vikwembe vya kuvaa siku yako."

Nilitaka kumwambia kwamba dawa zake za presha ni kazi hii inayozinunua. Nikamtazama alivyochoka, nikachukua sahani nikamsaidia kuchambua.

Jana niliingiza faili ya mwezi huu. Ilikataliwa, nikatafuta, ikakataliwa tena. Ilipokubali hatimaye, macho yalikuwa yananiuma. Meza ya Patient inatazamana na yangu. Alivalide yote papo hapo, hakufungua hata ingizo moja, akanitumia ujumbe wa kopa nyekundu. Zamani ningetabasamu, nikidhani ni kuniamini. Jana niliweka kichwa juu ya meza, mwenzetu mmoja akaniuliza kama ninaumwa malaria.

Wapendwa, simchukii. Nampenda bado, na hapo ndipo ninapokwama. Nikimweleza mama mkurugenzi ukweli, atamlazimisha Patient kwenda Kamituga, au atamfukuza kwa kumdanganya, na sidhani ndoa itabaki. Nikinyamaza, nitasaini kwa mkono wangu kwamba nilikubali jambo ambalo sikuulizwa. Jumatatu ni kesho kutwa, na barua sijaiandika.

Msiniambie niombe, nimeomba mpaka maneno yameniishia. Nawauliza hasa wanawake mlioacha kazi kwa sababu ya ndoa, na mnijibu bila kunipamba: mlipokaa nyumbani, mume alianza kuwauliza, au aliendelea kuwajibia?