Chomoa Waya, Fundi

Hiki si kisa cha kusimuliwa. Kilinikuta mimi mwenyewe, kwenye banda langu la useremala uani, Sumbawanga, saa tisa mchana, na sikuwa nimeonja tone la pombe. Ukitaka kucheka, cheka.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mashine za mitumba zikaanza kuingia. Nilinunua msumeno wa umeme kwa mjane mmoja. Mumewe alikuwa fundi hapa mjini, na alipofariki yule mama akarudi kijijini kwao Mwimbi. Ni ule unaoning'inia kwenye mkono wa chuma juu ya meza: unabana ubao, unauvuta msumeno kuja kwako, unakata. Ukizubaa, unakukimbilia wenyewe.

Siku hiyo umeme ulikatika ubao ukiwa haujaisha kukatwa. Sisi mafundi wa hapa tulikuwa na mazoea ya kijinga: hatuzimi swichi, ili mashine ikinguruma tujue umeme umerudi. Nikauacha msumeno hivyo hivyo, nikapeleka mkono mbele ya meno yake kupangusa vumbi la mbao.

Mzee mmoja akaingia, koti limelowa manyunyu. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akanishika kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto, wa baridi kupita kiasi, akanivuta.

“Chomoa waya, fundi,” akasema taratibu.

Papo hapo msumeno ukanguruma, ukaruka mbele, ukapita pale pale mkono wangu ulipokuwa. Kugeuka, hakuna mtu. Nje matope mabichi, na unyayo hata mmoja sikuuona. Niamini, nilikaa chini nikalia.

Jumapili nikaenda Mwimbi kumuuliza yule mjane habari za huo msumeno. Yule mama aliponisikia nikitaja koti na mkono wa kushoto, akaweka chini ungo wa ulezi.

“Ni mume wangu. Mkono wa kulia ulikatwa na huo msumeno, damu ikamwisha njiani kwenda hospitali.” Akanitazama usoni. “Alinitaja?”

Nikasema hapana.

“Miaka mitatu namwombea misa, nimwone hata ndotoni,” akasema. “Kumbe yuko kwenye mashine.”

Mpaka leo kifundo hiki hakipati joto, hata nikiota moto jikoni. Nawe mwenye mashine nyumbani, nisikilize: umeme ukikatika, zima swichi, rudisha msumeno nyuma, chomoa waya, ndipo upeleke mkono. Usingoje marehemu wa watu aje kukukumbusha. Ana watu wake wanaomngoja.