Mume Wangu na Bia Yenye Kizibo

Mume wangu Antoine ana ulimi wa kizungu. Hivyo ndivyo anavyosema mwenyewe, na kwa kuwa ulimi ni wake, mimi ni nani nimbishie? Mtu amezaliwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kasongo, kitovu chake kimezikwa chini ya migomba ya mama yake, ugali wa muhogo ndio uliomkuza. Lakini ulimi, Mungu alimletea kutoka mbali, pengine kwa ndege.

Alipiga mihuri katika ofisi ya serikali miaka thelathini na moja. Sasa amestaafu, muhuri alinyang'anywa, basi amebaki kuvipigia muhuri vinywaji vya wenzake. Malofu, tembo la mchikichi, ni ya wale wanaokwea miti. Lutuku, ile gongo kali, ni ya wachimba dhahabu waliochoka na maini yao. Na kasiksi, pombe ya ndizi ambayo dada yake Célestine huipika, na ambayo watu huvuka mito miwili ili waionje, hiyo ni ya "watu wasiovaa viatu". Yeye hunywa bia ya kiwanda, yenye kizibo.

Niieleze ibada yenyewe, maana ni ibada kuliko misa ya Pasaka. Bia huja kwa lori kutoka Kindu. Msimu wa mvua lori hulala matopeni wiki mbili, wiki tatu, na jua likitoka chupa zinapikwa humo humo. Ikifika kwetu ina joto la uji. Friji hatuna, kwa hiyo kazi ya kuipoza ni yangu: naizika kwenye mchanga uliolowa nyuma ya jiko, naimwagia maji kila nusu saa kama mche wa kabichi. Bwana akiona wakati umewadia, anavaa viatu. Ndiyo, viatu, nyumbani kwake, kwa ajili ya chupa moja. Anaikagua bilauri juani, anagonga kizibo mara mbili kwa kifungulio, halafu anaking'oa. Psss!

"Umesikia, Véronique? Imelia," ananiambia amefumba macho. "Bia yenye hailie, mutu alishaifungua mbele yako. Ile usinywe, hata ikiwa ni askofu anakupatia."

Hapo simcheki sana. Kwetu hakuna mwenye akili anayekunywa chupa iliyofunguliwa mbali na macho yake, na mpishi wa kasiksi lazima apige funda la kwanza mbele ya wateja, ili waone kwamba hakuna sumu. Ni adabu ya zamani. Ila Baba Nathanaël, jina ninalomwita kwa mtoto wetu wa kwanza, aliigeuza adabu kuwa dini. Vizibo vyote anavitia katika kopo la maziwa ya unga na kuliweka juu ya kabati. Picha ya harusi yetu iko chini ya kitanda.

Nilionja bia yake mara moja. Nikapata ladha ya maji yaliyooshewa sufuria. Lakini mimi natoka kijijini, Wamaza, labda ulimi wangu haujamaliza masomo.

Wifi yangu Célestine hakuwahi kumjibu kaka yake. Alikuwa akikamua ndizi zake, akikaanga mtama wake. Siku moja nikamuuliza anavumiliaje. Akanieleza kwamba marehemu mama yao, Mama Feza, alipika kasiksi mpaka utomvu wa ndizi ukamwachia vidoleni weusi usiotoka kwa sabuni. Kwa kasiksi hiyo Antoine akasomeshwa kwa mapadri. Huko wenzake wakamwita Mtungi, kwa sababu shati lake lilinuka pombe.

"Siku moja akamwambia mama: usikuje tena kwenye mulango ya masomo," Célestine alisema. "Mama hakuenda tena. Hata siku ya kupewa diploma hakuenda. Alikaa nyumbani, akapika."

Tangu siku hiyo, kila nilipoizika chupa mchangani nilimwonea huruma mume wangu, na nilitamani pia kumpiga kwa hiyo chupa.

Basi Darlène, binti wa Célestine, akapata mchumba. Blaise, kijana wa Lusangi, mpole, fundi wa pikipiki, anayempenda mpaka anasahau kufunga mdomo. Darlène alikuwa na miaka ishirini na tisa na alikwisha kumngoja mwanamume mmoja miaka minne, naye akaoa kwingine. Safari hii, aliniambia, ikivunjika hatangoja tena mtu. Baba yake alishafariki. Kwa hiyo wa kupokea mahari ni mjomba, yaani mume wangu, na mila yetu haina mzaha: binti anaulizwa "tunywe ama tusinywe?", akisema munywe, anampelekea mjomba kinywaji walichokuja nacho wakwe. Mjomba akinywa, ndoa imefungwa. Asipokunywa, wageni wanafungua mbuzi wao na kwenda.

Mjomba akaandika orodha ya mahari kwa mwandiko wake wa ofisini. Mbuzi, vitenge, majembe, mambo ya kawaida. Juu kabisa, amepigia mistari miwili: bia ya kiwanda, makreti sita, yenye vizibo vyake. Na kwa mdomo akaongeza kwamba siku hiyo kasiksi isionekane uani, "tusije kuaibika mbele ya wageni". Uani kwa Célestine, elewa! Ni kama kumkataza padri asilete biblia kanisani.

Mvua zikanyesha. Lori la Kindu likazama, na Kasongo nzima haikuwa na chupa hata ya kufanyia dawa. Blaise akaenda mpaka Salamabila, maana penye dhahabu bia haikauki, akapata kreti moja tu. Akampa Iliasi, mwendesha pikipiki Mwislamu ambaye hajaonja pombe tangu azaliwe, mtu wa kuaminika kwa mzigo wa aina hiyo. Iliasi alifika siku ya mahari saa nne asubuhi, ametapakaa matope mpaka kope, ananuka kama kilabu. Daraja la magogo lilikuwa limelowa, akateleza akaanguka. Chupa kumi na moja zilikuwa zimevunjikia mgongoni mwake.

"Mwenyezi Mungu anajua mimi sikunywa," alisema maskini, akampa Blaise ile moja iliyobaki.

Chupa moja! Lakini moja inatosha mila. Tukaketi. Wakwe upande ule, msemaji wao Jean-Baptiste, baba mdogo wa Blaise, mtu mnene mwenye kofia. Sisi upande huu, mume wangu katikati, viatu vinang'aa. Darlène akaulizwa, akasema "munywe" kabla swali halijaisha, watu wakacheka. Akapiga magoti mbele ya mjomba na chupa mikononi.

Mume wangu akagonga mara mbili. Akang'oa.

Kimya.

Kizibo kilikuwa kimelegea njiani kwa mtikisiko, hewa ilikwisha toka zamani. Mtoto mdogo angelielewa hilo. Mtu yeyote mwenye akili angelitia mdomo, akameza, akasema asante. Lakini mtu wa dini hatendi dhambi mbele ya watu. Baba Nathanaël aliisogeza chupa kwa vidole viwili.

"Haikulia," akasema. "Hii siwezi kunywa."

Jean-Baptiste akasimama. "Unasema tumetia sumu?"

"Nasema haikulia."

"Ni kitu kimoja, mukwe! Sisi tumetoka Lusangi kwa mvua, halafu unatuita warozi mbele ya watoto yetu?"

Akainyakua chupa, akapiga mafunda matatu ya bia ya moto iliyokufa, uso ukamkunjamana kama aliyemeza mafuta ya nyonyo. Akapindua chupa, iliyobaki ikamwagika mchangani. "Ona! Niko muzima. Blaise, fungua mbuzi."

Sasa hapakuwa hata na hiyo moja. Wageni wakainuka. Blaise alisimama kati ya mbuzi na mchumba, asijue kamba ipi ashike. Darlène hakuinuka. Alibaki palepale magotini, mikono imefunguka bila chupa, na machozi yakimtoka bila sauti. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa akitazama viatu vyake. Alijua alichokifanya, lakini baada ya miaka arobaini ya kujidai, atarudi kwa njia gani? Nilimchukia kabisa, nasema wazi.

Ndipo Célestine alipopita katikati ya watu na mtungi. Mjomba alikataza kasiksi, ndiyo. Lakini siku tisa nyuma mtu fulani alikuwa amefukia ndizi shimoni, na mtu mwingine, mwenye mume mwenye ulimi wa kizungu, alikuwa amesaidia kuuficha mtungi chini ya majani ya migomba nyuma ya choo. Mungu atusamehe.

"Hakuna mutu anaenda," Célestine akasema. "Kinywaji cha wakwe kimemwagika. Jean-Baptiste, nakupatia hiki kiwe chako. Mupatie mutoto."

Jean-Baptiste akanusa mtungi. Hasira ilimpungua nusu papo hapo, pua haina siasa. Akaugusa kwa mikono miwili, akasema umekuwa wake. Célestine akachota kibuyu, akanywa funda la kwanza mbele ya wote kama adabu inavyotaka, akampa binti yake. Darlène akakisogeza kwa mjomba.

"Hii haina kizibo, mujomba," alisema. "Iko na mama yangu tu."

Mume wangu akakipokea kibuyu kama watu wanavyopokea barua ya mahakama. Akanywa kidogo, kwa ncha ya ule ulimi uliokuja kwa ndege. Akatulia, akameza. Akanywa tena, na mara ya tatu hakukitoa mdomoni mpaka kikageuka juu chini. Wageni wakapiga vigelegele, mbuzi wakarudishwa kwenye kigingi, Blaise akafunga mdomo hatimaye. Katika kelele zile nilimsikia mume wangu akimwambia dada yake polepole:

"Mutama umeukaanga sana."

"Mama alikuwa anaukaanga vile, yaya," akajibu Célestine; yaya kwetu ni kaka mkubwa.

"Najua," akasema, akamrudishia kibuyu.

Usidhani aliongoka siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata alinipa chupa tupu na kizibo kutoka kwenye lile kopo lake, akaniambia niende kwa Célestine anijazie, halafu nikibane kizibo vizuri, nipite njia ya nyuma. Mtu aliyekataa kunywa chupa isiyolia sasa alikuwa anajitengenezea mwenyewe chupa bubu! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikaenda. Célestine aliitazama chupa, akairudisha mikononi mwangu.

"Mwambie yaya, hapa tunakunywa kwa benchi. Akuje mwenyewe."

Siku nne alinuna. Siku ya tano, Alhamisi, mchana kweupe, siku ya soko, alivaa viatu akatoka mikono mitupu. Nilimfuata kwa mbali. Mke naye ana haki ya kufurahi. Akapita mbele ya ofisi yake ya zamani, ambako makarani walikuwa wameketi barazani. Akaingia uani kwa dada yake, akapangusa benchi kwa leso, akakaa kati ya mchoma matofali na Jean-Baptiste, ambaye tangu siku ya mahari hupata sababu ya kupita Kasongo kila wiki. Célestine akanywa kwanza, akampa kibuyu. Mmoja wa wale makarani alikuwa amemfuata hadi kwenye ua, ameinyoosha shingo akichungulia ndani.

"Papa Antoine, hata wewe?" akauliza akicheka. "Unakunywa kasiksi ya nani?"

Mume wangu akafuta mdomo. Nilimngoja aseme ni dawa ya tumbo.

"Ya mama yangu," akajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.