Nathaniel Luhende wa Kisesa, Mpagazi Aliyepiga Goti

Alizaliwa mwaka 1952 katika kijiji kimoja cha Misungwi, mtoto wa tano wa wakulima wa mpunga. Siku ya ubatizo alipewa jina la Nathaniel, ingawa sote tulimwita Luhende, jina la babu yake. Wanasema alizaliwa mzito hata mkunga akaomba kiti. Sina ushahidi wa jambo hilo, lakini sioni sababu ya kulikataa, maana nilimfahamu akiwa mtu mzima: mabega mapana kama mlango, na kicheko kilichotoka kanisani kikasikika hadi barabarani. Ujana wake aliutumia katika vikundi vya kulima vya Kisukuma, ambako watu hulima kwa ngoma na kurusha majembe juu, na mwenye nguvu husifiwa kwa jina. Luhende alisifiwa sana, na sifa zile zikamharibu kidogo.

Mwaka 1986 alihamia Kisesa na mkewe Odeta, akawa mpagazi katika ghala la mpunga la tajiri mmoja. Biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, wanunuzi walikuja na malori yao, na kwa kuwa walinunua kwa gunia wala si kwa kilo, magunia yakaanza kunenepa. Yalijazwa kupita mdomo, yakashonewa kofia ya kamba juu, yakaitwa lumbesa. Wapagazi wengine walitwishwa na wenzao wawili. Luhende alijitwisha mwenyewe kutoka chini, kwa nguvu za mgongo, kisha akasubiri kushangiliwa. Waliotaka kuonekana wanaume walimwiga. Mmoja wao alikuwa Chenge, jirani na rafiki yake, baba wa watoto sita, mtu mwembamba ambaye hakupaswa kabisa kumwiga mtu wa namna ile.

Wito ulimjia Ijumaa Kuu ya mwaka 1995. Parokia iliigiza Njia ya Msalaba barabarani. Luhende alichaguliwa kuwa Yesu kwa sababu ya nguvu zake, na Chenge akawa Simoni wa Kirene. Msalaba ulikuwa wa magogo mabichi ya mkaratusi. Katika kituo cha tano Simoni alikuja kuupokea, lakini Luhende hakuutoa. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma na kitabu cha nyimbo, nikamsikia akinong'ona, "Niache bwana, nauweza." Akaendelea hadi kituo cha sita, watu wakimpigia makofi, jambo ambalo Ijumaa Kuu halifanyiki. Padri Otuoma, mtu wa Mara asiyejua kunong'ona, akausimamisha msafara.

"Luhende! Hata Yesu alisaidiwa. Wewe una nguvu kumzidi?"

Watu tulicheka, Mungu atusamehe. Luhende akautua msalaba kwa aibu. Chenge akainama kuuinua, na hakuinuka tena. Alibaki amekunjika, mikono juu ya mti, jasho likimdondoka. "Kaka, mgongo umegoma," alisema. "Tangu Januari nafunga kanga ya mama watoto kiunoni ndiyo nije kazini. Usimwambie tajiri, atanifukuza." Ndipo Yesu wetu akapiga goti palepale kwenye vumbi, akamkumbatia Simoni, akamwinua polepole, huku akilia mbele ya watu wote. Alijua Chenge alijifunza kwa nani kubeba vile. Njia iliyobaki msalaba ulibebwa na watu sita, naye akiwa mmojawapo.

Habari zilimfikia tajiri, na wiki ya Pasaka Chenge alifukuzwa kweli. Luhende alikwenda kumwombea.

"Shikamoo, mzee. Chenge arudi, awe anashona magunia akiwa amekaa. Na sisi lumbesa tubebe wawili wawili, tukianza kwa kupiga goti."

"Marahaba. Ghala langu si kanisa, Luhende. Nawe nenda."

Wapagazi tisa walitoka pamoja naye. Kwa wiki tano walilima vibarua mashambani, na shida iliwakaba. Odeta alimuuliza mumewe, "Sasa baba, tutakula magoti?" Hata hivyo kila alipopika alipeleka sahani kwa watoto wa Chenge, na mimi namhesabu mama huyu pia kuwa mtakatifu. Kila alasiri Luhende aliwafundisha wenzake nyuma ya kanisa, kwa gunia la mchanga: sogea karibu na mzigo, piga goti, ukumbatie kifuani, mgongo unyooke, miguu ndiyo iinue, na ukigeuka usijipinde kiuno. Chenge alikaa kwenye kigoda akiimbisha wimbo wa kulimia ili wainuke kwa pamoja. Watoto wa katekisimu walidhani wazee wanaliabudu gunia.

Mwishoni mwa Mei mawingu meusi yalitoka ziwani mchana, na magunia mia na themanini ya tajiri yalikuwa nje. Wapagazi wake wapya, wawili walikuwa wamelala kwa maumivu ya mgongo, wengine wamekwisha kukimbia. Hakuna aliyemwita Luhende. Alivuka barabara kutoka kanisani na wale tisa, na Chenge akaja na kigoda chake, akaanza kuimba. Lo, furaha ya siku ile! Goti, inuka, goti, inuka, wawili wawili. Tajiri mwenyewe akavua koti akashika upande wa gunia, Luhende akamkemea, "Goti, mzee!" naye akapiga. Gunia la mwisho liliingia matone yakianza. Tajiri, akihema, akamuuliza anataka nini.

"Chenge," alijibu.

Chenge alirudi kesho yake. Ghala likajengewa jukwaa la mbao la usawa wa kiuno, ili mzigo usiinuliwe tena kutoka chini. Lumbesa haikukoma, lakini hadi maghala ya Nyamagana walimwita Luhende akawafundishe, naye alikwenda kila alipoitwa, akicheka kile kicheko chake. Alifariki kwa malaria tarehe 11 Septemba 1999. Wenye maumivu ya mgongo huja kaburini kwake kuomba, na wengi hurudi wakiwa na nafuu. Wengine, naamini, ni kwa sababu siku hiyo wamepumzika.

Ajabu niliyoiona kwa macho yangu ni moja. Siku ya maziko, Chenge alikuja kushika jeneza. Tulimkatalia kwa kumwonea huruma. Alisogea karibu, akapiga goti, akanyoosha mgongo, akainuka na rafiki yake begani pamoja na wenzake watano, wala hakukubali kupokewa hadi kaburini. Ndugu, tumwige Luhende. Tukimwona mwenzetu anabeba peke yake, tusimpigie makofi. Tusogee, tupige goti, tushike upande wetu.